Daftari la Desemba la mwandishi wa skripti

Mwaka ukiisha, mpenzi wa filamu huhesabu alizotazama: mia, mia na ishirini. Kwa anayetaka kuandika, hesabu hiyo haina msaada mkubwa. Chagua moja iliyokushika kuliko zote, uirudie ukiwa na kalamu na rimoti. Mara ya kwanza ulibebwa na hadithi. Mara ya pili ndipo utaona mishono yake. Kila sini (kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja na wakati mmoja) ikibadilika, simamisha, andika dakika na mstari mmoja: nani anataka nini, nani anamzuia, mwisho kaondoka na nini. Filamu ya dakika 90 mara nyingi itakupa sini 40 hadi 60, nawe utatumia saa tatu au nne. Kisha tafuta dakika ambayo mhusika mkuu anaingia matatani na njia ya kurudi imefungwa. Mara nyingi iko kati ya dakika ya 20 na ya 30. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu; ikiwa kwenye skripti yako iko ukurasa wa 45, umeshajua kwa nini wasomaji wako wanachoka.

Sasa toa skripti yako kabatini. Ichapishe, isomwe kwa sauti na watu wawili au watatu, saa ya simu ikiwa inahesabu. Usitegemee tu ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja. Kanuni hiyo ni ya Marekani, kwa Courier, herufi za mtindo wa taipureta, ukubwa wa pointi 12 na karatasi ambayo ni fupi kuliko A4 yetu kwa karibu milimita 18. Tena safu ya mazungumzo hubeba takriban herufi 35 kwa mstari, na maneno yetu ni marefu: "hawajanisimulia" peke yake limekula 15. Mistari inakatika mapema, ukurasa unajaa haraka. Saa ndiyo itakayokwambia ukweli.

Ukisoma kwa sauti, sikiliza salamu. Hapa ndipo skripti nyingi za Kiswahili zinapovuja.

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"
"Nzuri tu. Za hapa?"
"Za hapa salama. Karibu ndani."

Ukiweka na majina ya wahusika, hiyo ni karibu robo ukurasa na bado hakijatokea kitu. Ukiwa na sini kumi za namna hiyo, umepoteza zaidi ya kurasa mbili. Dawa ni kuingia wakati kijana ameshakaa na chai imeshamiminwa. Lakini usizifute zote! Salamu zetu zina nguvu ambayo lugha nyingi hazina. Kijana akiingia akakaa bila shikamoo, mtazamaji wa Tanga au Mombasa anajua papo hapo kwamba nyumba hiyo ina ugomvi, wala huhitaji mtu wa kuueleza. Mama naye akichelewa kuitikia marahaba, akaendelea kuchambua mchele, umepata sini nzima kwa neno moja.

Baada ya hapo hesabu maeneo ya kurekodia. Orodhesha kila kichwa cha sini, NDANI au NJE, MCHANA au USIKU. Maeneo 25 kwa filamu ya bajeti ndogo ni mengi mno: kila kuhama kunaweza kula hadi nusu siku ya kupakia, kupanga taa na kusubiri. Ukiweza kubaki na manane, prodyuza atakusikiliza. Sini za usiku za nje zipunguze kwanza, maana zinataka jenereta, taa kubwa na usafiri wa kurudisha watu makwao. Jiulize kila moja: giza hili linabadilisha nini kwenye hadithi? Kama halibadilishi kitu, iandike jioni kabla jua halijazama, au iingize jikoni.

Rasimu ya zamani usiifute. Ihifadhi kwa tarehe, kwa mfano "rasimu3_20Des", kisha fungua faili jipya. Sini uliyoikata Desemba mara nyingi huhitajika Machi.