Sala Iliyofupishwa

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Wiki nzima nimekaa na hadithi moja tu, aliyoipokea Abu Qatada, nayo imo katika Bukhari. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba husimama katika sala akitaka kuirefusha, kisha husikia mtoto analia, akaifupisha kwa kuchelea kumtaabisha mama yake.

Tazameni kilichofupishwa. Ni sala, ambayo mwenyewe aliiita kiburudisho cha macho yake. Na katika Suratul Furqan, aya ya 74, waja wa Rahmani wanaomba wake na watoto waburudishao macho. Neno ni lile lile.

Wengi wenu mwajua kazi yangu ni uigizaji. Nilianzia drama za shule, nikapanda majukwaa ya Mombasa, na moyo wangu ulikuwa Nairobi na mbele ya Nairobi. Binti yetu alipozaliwa sikuona la kubadilisha. Alfajiri boti hadi Mokowe, gati ya bara, kisha basi, narudi baada ya wiki sita, pengine nane. Safari moja nilimkuta ana mwaka na miezi mitatu. Nimemchukulia viatu vyekundu, vile vinavyolia mtoto akikanyaga. Alinitazama, akajitia ndani ya buibui la nyanyake, akakamata kitambaa kwa ngumi zote mbili. Nikamwita kwa sauti ninayojazia ukumbi. Akazidi kulia.

Mama yangu hakunilaumu. "Mwanangu, ngoja akuzoee," akasema. Akuzoee! Hilo huambiwa mgeni.

Usiku ule nilimkumbuka Rick Moranis, mchekeshaji wa Kanada aliyevuma katika sinema za Marekani. Mkewe alifariki kwa saratani mwaka 1991, akamwachia watoto wawili. Baada ya 1997 aliziweka sinema kando, kwa kuwa safari za kazi na malezi havikupatana, na miaka iliyofuata alisikika kwa sauti zaidi kuliko kuonekana kwa sura. Si wa imani yetu, lakini kilio alikisikia.

Mimi sikuacha, wala sidhani hadithi inatuambia tuache. Sala iliyofupishwa ni sala kamili. Rakaa hazikupungua, kilichopungua ni kisomo. Ila kuna jambo lililonichoma. Sisi tumezoea mtoto akilia, mama ndiye atoke safuni. Katika hadithi hii mama amebaki mahali pake, na aliyefupisha ni imamu. Mke wangu alikuwa mwalimu. Alipojifungua aliacha kufundisha, na hakuna aliyemuuliza ndoto yake imekwenda wapi, nami sikumuuliza. Miaka miwili nilirefusha kisomo changu, yeye amesimama nje na mtoto. Nimemwomba radhi. Tangu Januari amerudi darasani, nami nachukua kazi fupi, nyingi za sauti, na asubuhi uji wa mtoto naupika mimi.

Jumatatu natakiwa nijibu kuhusu filamu moja, miezi minne Nairobi. Ni nafasi niliyoiomba tangu ujana. Nimeswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu uongozi, mara mbili, na mke wangu ameswali ya kwake. Tuombeeni. Vile viatu vyekundu vimeshambana, anavivaa visigino vikiwa nje, na hata sasa ninapoandika navisikia uani, vyaja huku.