Mapigo Manne

Jana jioni nilikuwa peke yangu jikoni, maharagwe yakichemka, ndipo kifuniko cha sufuria kilipoanza kutetemeka, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu iliyozidi kupanda, nami nikajikuta nimesimama wima, mikono mbele, kama mtu anayesubiri ishara. Miaka mingi imepita, lakini sauti hiyo bado hunirudisha Kisumu, kwenye ule ukumbi wa kanisa, na kwa yule binti.

Alikuwa mpiga piano mwenye umri wa miaka 16, na tiketi zilikuwa zimekwisha kwa sababu yake, si kwa sababu yetu. Mimi nilikuwa mpiga ngoma wa bendi ya Jeshi la Wokovu kule Vihiga, nimeazimwa na orkestra kwa kuwa mpiga timpani wao, yaani zile ngoma kubwa za orkestra zenye umbo la sufuria, aliugua malaria juma lile. Kuhusu mazoezi sina la kusimulia, isipokuwa kwamba fundi wa piano alishinda asubuhi nzima akikaza na kulegeza nyuzi zinazozidi 200, akilalamika kwamba unyevu wa ziwa hufurisha mbao za piano na kuharibu sauti aliyokwisha kuilinganisha. Jioni sote tulizifuatisha ala zetu na noti ya A ya piano hiyo, kwa maana piano haimfuati mtu.

Muziki wenyewe ulikuwa koncherto, yaani utungo wa piano ikisindikizwa na orkestra, ya Edvard Grieg, Mnorwe aliyeitunga mwaka 1868, kabla hajatimiza miaka 26. Huanza na timpani peke yake: mtetemo wa fimbo zinazopishana upesi kwa muda wa mapigo manne, unaotoka kwenye mnong'ono na kupanda hadi kuwa ngurumo, kisha orkestra inagonga mara moja na piano inaporomoka kutoka juu kwenda chini. Nilikuwa na sehemu nyingine za kupiga mle ndani, lakini yaliyoninyima usingizi ni mapigo hayo manne.

Binti aliketi, akakishusha kiti kidogo, akafuta viganja kwenye gauni lake la samawati, kimoja, kisha cha pili. Kiongozi wa orkestra akainua mkono wa kulia. Nikaanza. Hapo ndipo nilipoona kwamba mkono ule ulikuwa na leso, na kwamba mwenyewe alikuwa akijifuta jasho la uso.

Mtetemo wa timpani hauna njia ya heshima ya kurudi nyuma. Ukiukata, ukumbi mzima unajua. Nikaendelea, nikiunyima kukua, fimbo zikigusa ngozi ya ngoma kama mvua ya rasharasha, nikihesabu mapigo matano, sita, nane. Kiongozi alinigeukia, leso ingali mkononi. Wapiga fidla wakanyakua pinde zao magotini. Binti hakumtazama kiongozi. Aligeuza kichwa kushoto, akanitazama mimi niliyekuwa nyuma kabisa, mikono yake ingali mapajani, akainua nyusi, akavuta pumzi kwa mabega, nami nikaelewa kwamba sasa ishara ni yake. Nikauachia mtetemo upande. Mikono yake iliruka na kutua pale pale pigo langu la mwisho lilipotua. Nusu ya orkestra ilichelewa, lakini piano iliwafunika.

Yaliyobaki, karibu nusu saa, yalikwenda salama, na alishangiliwa kama alivyostahili. Kiongozi hakunisemesha usiku ule, wala hakuniita tena. Wakati wa chai binti alinijia na kikombe chake, akiwa na kicheko cha chinichini.

"Kaka, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na hata jana jikoni sikulipata.

Mlangoni mzee mmoja aliyevaa sare ya Jeshi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kijana, ule mwanzo wako umenisisimua," alisema. "Wengine huuharakisha mno." Nilimwambia asante, mzee, nikaondoka upesi kuwahi matatu ya mwisho ya Chavakali, kabla hajapata nafasi ya kuniuliza nimejifunzia wapi.