Siku Niliyoona Mtungi wa Mwezi Ukiunganishwa

Nilipokuwa nikisoma Seoul, mwalimu wetu wa historia ya sanaa alitupeleka Gwangju, si lile jiji kubwa la kusini bali Gwangju ya mkoa wa Gyeonggi, kwenye karakana ya mzee mmoja aliyekuwa akifinyanga mitungi ya mwezi, yaani mitungi mikubwa ya mviringo ya kaure nyeupe, kwa mtindo wa enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Hapo ndipo yalipokuwa matanuri ya kifalme, ambayo yalihamishwa kila baada ya miaka 10 hivi kufuata misitu yenye kuni, hadi yalipotulia Bunwon mwaka 1752.

Mzee alikuwa ameandaa mabakuli mawili makubwa ya udongo mweupe, ambayo yalikuwa yamekauka kiasi cha kujishikilia bila ya kupoteza unyevu wote. Alikwaruza kingo zake kwa ncha ya kisu, akazipaka uji wa udongo uleule, kisha yeye na msaidizi wake wakalinyanyua bakuli moja, wakaligeuza na kulishusha polepole juu ya lenzake. Akapitisha mkono mdomoni mwa mtungi hadi kwenye kiwiko, akawa anausugua mshono kwa ndani kwa vidole huku mkono wa pili ukiukandamiza kwa nje, na gurudumu likizunguka taratibu mno. Hakuna aliyezungumza mpaka alipoutoa mkono.

“Mwalimu,” nikamuuliza, “kwa nini usiufinyange wote kwa mara moja?” Akanijibu kwamba udongo ule haunati vya kutosha: mtu akiupandisha kwa kimo kile, zaidi ya sentimita 40, tumbo hulegea na kuporomoka lingali bichi.

Ukiujua mshono ulipo, huachi tena kuutafuta. Ndani ya tanuri, katika joto linalokaribia nyuzi 1,300, udongo husinyaa na kulainika, nusu ya chini hubeba uzito wa nusu ya juu, na mahali pa maungio hutuna au hulala upande kidogo. Ndiyo maana dalhangari, yaani mtungi wa mwezi, hauwi duara kamili: ukiuzunguka, kila upande una umbo lake. Mimi huupenda zaidi kuliko mitungi ya Joseon iliyochorwa majoka kwa rangi ya buluu, ingawa najua ile ilihitaji mkono hodari sana, kwa kuwa katika weupe mtupu mfinyanzi hana pa kujificha.

Mwenzetu mmoja aliusifu kama sanamu. Mzee alimsikiliza kwa heshima, kisha akatuonyesha picha za mitungi ya kale yenye madoa ya rangi ya chai tumboni. Alieleza kwamba mitungi mikubwa ya namna hiyo ilitiwa nafaka, pombe, mafuta au mchuzi wa soya, na kwamba kilichomo kiliweza kupenya katika nyufa ndogondogo za utando wa kioo unaoufunika mtungi na kuacha alama isiyofutika. Wanunuzi wengi wa siku hizi, alisema, huuweka mtungi sebuleni ukiwa mtupu. Yeye hakuwalaumu, lakini alituomba tukirudi makumbusho tuyatazame madoa hayo kwa makini uleule tunaoutumia kutazama umbo, kwani ndiyo yanayoonyesha mtungi ulifanya kazi gani.