Nilivyonunua nyumba Bwiru, ziwa nikawa nalitazama kutoka juu

Ushauri niliopewa kuliko wote nilipoanza kutafuta nyumba ni huu: "Dada, lipia kwanza, karatasi zitafuata." Nimeusikia kwa madalali, nimeusikia kwa shemeji zangu, nimeusikia hata kwa watu waliosoma. Namshukuru Mungu sikuufuata. Leo nina hati yenye jina langu, nyumba iko Bwiru, na nikikaa kibarazani jioni naona boti za Ukerewe zikipita. Naandika kwa ajili ya kina mama wenzangu wanaodunduliza hela kwenye vikoba wakiota nyumba ya kuangalia maji hapa Mwanza.

Mimi nauza vitenge Makoroboi. Hela yangu ilikuwa ya kikoba, ya faida ya duka, na ya kiwanja changu cha Buswelu nilichokiuza. Hela ya namna hiyo ikipotea hairudi tena. Na dalali akishaona uko peke yako, swali la kwanza ni "Shemeji yuko wapi?" Ukimwambia hayupo, bei inapanda na haraka zinaanza: kuna mteja yuko njiani kutoka Dar, kuna mwingine anakuja saa tisa na keshi. Huyo mteja wa saa tisa yupo kwenye kila nyumba niliyopelekwa, na sijapata kumwona hata mmoja. Kina dada, msimkimbilie. Aje anunue.

Nyumba iliyonikaa moyoni mwanzoni ilikuwa Luchelele, chini kabisa, mlango wa nyuma unatazama ziwa. Vyumba vitatu, masta, jiko zuri, minazi miwili, na bei ya chini kuliko nilivyotegemea. Bei ya chini pembeni ya maji lazima uitafutie sababu. Dalali akasema mwenye nyumba anahamia Dodoma kikazi, ndiyo maana.

Nikaingia ndani taratibu. Kila chumba kilikuwa kimepigwa rangi mpya, lakini ile mpya iliishia usawa wa dirisha; kutoka hapo kwenda juu ilikuwa rangi ya zamani iliyofubaa. Kisha nikaona soketi. Soketi za sebuleni zilikuwa juu, usawa wa kifua changu, zote, hata ile ya nyuma ya kabati la televisheni. Nani anafunga soketi ya televisheni kifuani? Nikainama pale ambapo soketi huwa, nikapapasa ukuta kwa vidole, nikakuta kiraka cha plasta, mraba kama sabuni ya kufulia. Chumba cha pili, kiraka. Cha tatu, kiraka. Nikakwangua rangi kidogo kwa ufunguo nyuma ya mlango, ukuta ukamwagika unga mweupe wa chumvi. Huo ni ukuta uliokunywa maji ukashiba.

Sikumwambia dalali neno. Nikamwomba anisubiri kwenye gari, nikashuka ufukweni kwa kina mama waliokuwa wanaanika dagaa. Nikawasalimia, "Mwangaluka," nikanunua dagaa za elfu tano, nikakaa nao. Hapo ndipo utapata habari za nyumba yoyote ya ziwani, kwa sababu wao wako pale masika na kiangazi. Nikauliza tu, "Mama, maji ya juzijuzi yalifika wapi?" Mmoja akainuka, akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye jiwe kubwa karibu na ule ukuta wa uzio. Jiwe lilikuwa na mstari, chini rangi nyingine na juu rangi nyingine, na mstari wenyewe ulikuwa juu ya goti langu. "Hapa, mwaka 2024. Wale pale walilala kwa ndugu zao." Akaonyesha nyumba ileile niliyotoka kuitazama.

Watu wanasahau haraka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia rekodi iliyokaa tangu 1964, kila mtu akasema haitatokea tena katika maisha yetu. Mei 2024 likapanda likapita hapo. Nyumba zilizoingiliwa na maji hazikubomoka zote. Nyingine zilikauka, zikapigwa rangi, zikatafutiwa mteja.

Nilirudi Jumapili na kamba. Hii naipenda kuisimulia. Nilichukua kamba ya manila dukani, nikaipima kwa rula yangu ya vitenge, kila mita kumi nikapiga fundo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mimi nilitaka kujua hiyo nyumba imesimama wapi. Kijana mmoja wa pale akanishikia ncha kwenye maji, nikapanda nayo. Ukuta wa jikoni niliufikia kabla ya fundo la nne. Mita 60 ziliishia barabarani, ng'ambo ya geti! Kwa hiyo nyumba nzima, na minazi yake, iko mahali ambapo mamlaka ikiamua kuja na rangi nyekundu ya X, alama ya kubomoa, hakuna wa kumlilia. Dalali alikuwa bado anasema, "Lakini ina ofa, dada," yaani barua ya kumilikishwa kiwanja. Ofa haizuii maji wala X.

Ya pili ilikuwa Kitangiri, na hiyo nilikuwa tayari kuichukua maana iko juu, kavu, na barabara inafika. Muuzaji kaka mmoja mstaarabu, ana nakala ya hati, anaongea vizuri. Nikamwomba ankara ya maji ya karibuni, nikamwambia nataka kuona kama kuna deni. Mtu huandaa hati, huandaa mashahidi, lakini ankara ya maji hakuna anayekumbuka kuiandaa. Akaitoa bila wasiwasi. Jina lilikuwa la mwanamke, na hata ubini haukufanana na wake. "Ni mama yetu, marehemu." Nikampa pole. Nikamuuliza msimamizi wa mirathi ni nani. Akasema familia imekaa, imekubaliana. Nikauliza barua ya mahakama iko wapi. Hakuna. Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata watoto wote tisa wakikusainia kwa wino wa dhahabu, huna nyumba. Siku akitokea wa kumi unaanza upya. Nilimwambia afungue mirathi Mahakama ya Mwanzo kisha anitafute. Alikasirika kidogo. Mimi sikukasirika.

Bwiru nilielekezwa na mteja wangu wa vitenge, si dalali. Mzee mmoja mstaafu na mkewe walitaka kurudi nyumbani Magu kulima na kufuga. Nyumba ya zamani, bati limechoka, choo cha ndani kilihitaji fundi, lakini msingi wake umekaa juu ya mwamba. Maji ya bomba hupanda kwa kishindo usiku, mchana ni ya kubahatisha, kwa hiyo usinunue mlimani bila kuhesabu tenki. Magari yanafika hadi getini, na hilo huwa nalitazama kabla ya vyumba, kwa sababu kuna nyumba nzuri sana milimani ambazo mgonjwa anashushwa kwa kubebwa.

Upekuzi niliufanya mwenyewe kwa msajili wa hati. Sikukubali karatasi ya upekuzi aliyoileta mtu mwingine, na kontroo namba nililipia kwa simu yangu. Majibu yalikuja safi: jina ni la mzee, hakuna rehani, hakuna zuio. Kulikuwa na deni la kodi ya ardhi la miaka kadhaa, mzee akalilipa kabla hatujaendelea, na alilipa bila ubishi.

Kisha nikaomba kuongea na mama mwenyewe, peke yetu. Wakili wangu alikuwa ameshaniambia kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na saini ya ridhaa inapatikana hata kwa mtu aliyelazimishwa. "Shikamoo mama. Unaiacha nyumba hii kwa moyo wako?" Akanicheka, akasema amechoka kupanda mlima na magoti yake, anataka ng'ombe wake. Nikamshika mikono. Alisaini mbele ya wakili siku iliyofuata, na bado ananipigia simu kuuliza habari za mwembe wake.

Bei tulikubaliana milioni themanini na kidogo. Wapo walionishauri tuandike nusu kwenye mkataba ili kodi ipungue. Nilikataa, na nitawakataza ndugu zangu wote. Kukitokea kesi, mahakama itatazama kilichoandikwa, na wewe utakuwa umejiandikia mwenyewe kwamba ulilipa arobaini. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ushuru wa stempu, asilimia moja, nikalipa mimi. Kaeni mkubaliane hayo kabla ya kushikana mikono, maana hapo ndipo undugu huvunjika. Mthamini, wakili na mizunguko ya ofisini vilinigharimu milioni kadhaa juu ya bei. Sehemu kubwa ya hela nililipa benki kwa benki tulipotia saini, wakili akaweka zuio kwa msajili ili nyumba isihamishiwe mtu mwingine, na iliyobaki ikatoka uhamisho ulipokamilika. Mzee alikubali mpangilio huo mara moja. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kuukataa.

Hati ilichukua miezi. Siku nilipoisaini kupokea, nilisoma jina langu kwa sauti pale pale kaunta na dada wa mapokezi akanipigia makofi.

Sasa niko kwenye ukuta wa kuzuia udongo upande wa chini, nataka uishe kabla ya masika. Mawe sijanunua. Fundi anawasha moto juu ya mwamba tangu asubuhi, unapata joto, unapasuka vipande, kisha anamalizia kwa nyundo. Kesho analeta saruji.