Nilivyowasimamia wanaofanyia kazi nyumbani bila kuwachungulia

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa katika kazi yangu ya rasilimali watu ni huu: wekeni programu ya kupiga picha skrini za wafanyakazi, mtajua nani anafanya kazi na nani amelala. Naandika juu yake kwa sababu bado nasikia kampuni za hapa Arusha zikiambiwa hivyo hivyo, na zinalipia.

Sisi ni kampuni ya utalii. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka uliofuata, korona ilipoingia, ndege za kimataifa zikasimama, na hata anga ilipofunguliwa Mei 2020, idadi ya mwaka mzima iliishia laki sita na kidogo. Wakurugenzi wakaachia ghorofa moja ya ofisi tuliyokuwa tumepanga Njiro. Wageni waliporudi, ghorofa haikurudi. Watu wa mauzo, wahasibu na wapanga ratiba za safari wakabaki majumbani kwao, huko Sakina, Ngaramtoni, Usa River, na mmoja Moshi kabisa. Mimi nikaambiwa nihakikishe wanafanya kazi.

Hapo ndipo akaletwa mshauri na programu yake. Kila baada ya dakika chache inapiga picha ya skrini, na kipanya kisipoguswa kwa muda inamwekea mtu alama nyekundu. Nilipinga tangu siku ya kwanza, nikazidiwa. Basi nikaomba jambo moja tu: mwisho wa mwezi, ripoti ya programu iwekwe mezani pamoja na orodha ya safari zilizouzwa, jina kwa jina.

Mwezi ukaisha, karatasi zikawekwa. Dada aliyeongoza kwa alama nyekundu ndiye aliyekuwa ameuza kuliko wote. Kazi yake ni kuongea: anampigia wakala, anamtuliza mgeni anayeogopa ndege ndogo ya kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, saa nzima kipanya hakijaguswa. Na kijana mmoja alikuwa kijani asubuhi hadi jioni, wiki zote nne, huku barua pepe za wageni zikimsubiri bila jibu. Alishaelewa programu inapenda nini. Juu ya hayo, picha zile zilikuwa zinakula bando kwa sababu zinapakiwa siku nzima, na watu wa Ngaramtoni walikuwa wanaishiwa intaneti katikati ya mwezi. Kisha nikawaonyesha wakurugenzi picha moja, nikiwa nimefunika jina: majibu ya hospitali ya mfanyakazi, yameonekana kwa sababu alifungua ujumbe wake wakati wa chakula. Nikawaambia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya za mtu ni kati ya zile zinazolindwa zaidi. Nani kati yetu atasimama mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kueleza kwa nini tunazo? Ukumbi ukanyamaza.

Hapo nikamuuliza mkurugenzi, ambaye ni mtu mzima na aliwahi kuendesha gari la wageni mwenyewe: "Mzee, dereva akiwa porini Ndutu siku nne na wageni, unajuaje kama anafanya kazi?"

Akasema, "Wageni wataniambia. Na gari litarudi zima."

Nikasema, basi mzee, sisi tumekuwa na wafanyakazi wa mbali tangu kampuni ianze. Hakuna aliyewahi kumwekea dereva kamera usoni. Tufanye kwa hawa kile tunachofanya kwa wale.

Jambo hili najivunia, na sitalificha. Nilikwenda kukaa na dada yetu wa redio koli, ile redio ya kuongea na magari yaliyo safarini, asubuhi kadhaa, nikamsikiliza anavyoita magari. Kila gari analiuliza mambo matatu: uko wapi, leo unaelekea wapi, kuna tatizo gani. Anaandika, anaita gari jingine. Hamwulizi dereva ameamka saa ngapi. Jioni anaita tena. Safari ikiisha, dereva anaandika ripoti, wageni wanajaza fomu, wanakaa na meneja wa safari nusu saa, yamekwisha.

Nikayahamisha mambo hayo matatu, nikayageuza yafae kazi ya mezani. Saa tatu asubuhi kila mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp la idara yake: leo nafanya nini, namsubiri nani, nimekwama wapi. Jioni anaandika alichomaliza. Swali la pili ndilo lenye mali. Kwa kulisoma kila siku niligundua kwamba nusu ya "uvivu" uliokuwa unalalamikiwa ni watu wanaosubiri bei za hoteli kutoka kwa mtu mmoja aliyezidiwa na kazi. Tukamwongezea msaidizi. Programu haikuwahi kutuambia hilo.

Baadhi ya madereva walianza kunung'unika kwamba wenzao wanalipwa wakiwa kitandani. Nilimchukua mzee mmoja anayeheshimika kati yao, akakaa siku moja nyumbani kwa mtu wa mauzo, akamwona anavyobishana na mawakala watatu kwa mpigo. Habari aliyowapelekea wenzake gereji ilitosha.

Kuna kitu watu wa rasilimali watu wengi hawataki kukifanya: kwenda kuiona nyumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mahali pa kazi na saa za kazi ziandikwe kwenye mkataba, na zikibadilika mfanyakazi ashirikishwe na apewe maandishi. Sasa utaandikaje mahali ambapo hujawahi kupaona? Nikawaomba ruhusa, waliokubali nikawatembelea, na sikwenda mikono mitupu: kilo mbili za sukari na sabuni, kama anavyokwenda mgeni yeyote.

Ngaramtoni nilimkuta mama mkwe wa mmoja wa wahasibu wetu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Tukanywa chai, kisha akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Kwani huyu ana kazi? Mimi namwona na kompyuta tu, nikimtuma majani ya ng'ombe anasema nisubiri."

Nikamwambia, "Mama, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba, na tena saa nane mpaka jioni, huyu yuko ofisini. Ofisi yenyewe ni kile chumba pale."

"Na nikimhitaji?"

"Mpigie simu, mama, kama ungempigia akiwa mjini."

Alicheka, lakini alilishika. Mhasibu akaniambia baadaye kwamba mama sasa ndiye anayewarudisha majirani mlangoni: "Yuko ofisini, njoo saa saba." Makosa kwenye hesabu za malipo ya mbuga yalipungua mwezi huo huo, na mimi nilikuwa nimeshaandikiwa na meneja kwamba dada huyu apewe barua ya onyo. Meza, kiti kizuri, vyote tulinunua, lakini kwa nyumba ile hakuna kilichosaidia kuliko mazungumzo yale.

Halafu saa. New York iko nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea majira, Los Angeles kumi au kumi na moja. Mgeni anaamka wakati sisi tunafunga. Ofisini, gari la wafanyakazi lilikuwa linaondoka saa kumi na moja na kazi inaisha. Nyumbani watu walikuwa wanajibu mpaka usiku wa manane, na mameneja wanasifu "kujituma". Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni usiku, kila saa ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Mjamzito hapangiwi wala haruhusiwi kufanya kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Tukaweka zamu ya pili, saa nane mchana hadi saa nne usiku, nyongeza inalipwa, na aliye zamu hiyo asubuhi ni yake. Saa na mahali pa kazi, vyote kwenye barua anayopewa kila mfanyakazi. Mtu akiumia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafidia ajali iliyotokana na kazi, na utaonyeshaje alikuwa kazini kama saa wala mahali havijaandikwa popote?

Umeme ndio uliotaka akili. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 kila mtu alinishauri tununue majenereta, eti mamilioni. Nilichukua ratiba ya mgao, nikaweka pembeni orodha ya wanakoishi watu wetu, nikawapanga wawili wawili ambao maeneo yao hayakatiwi pamoja. Wa Sakina na wa Njiro, wa Usa River na wa Moshi. Tukawaita mapacha. Kila pacha anazijua faili za mwenzake, umeme ukienda anaandika "naondoka hewani", mwenzake anapokea. Tulichonunua ni betri ndogo za ruta, laki moja na kitu kila moja, na bando la mwezi. Ruta ina betri, laptopu ina yake, na pacha yupo. Hatukupoteza mgeni kwa sababu ya giza.

Mpango wa mapacha ukatatua na suala la likizo, jambo ambalo sikulitarajia. Watu walikuwa hawachukui zile siku 28 kwa kuogopa kurundikiwa kazi, na nyumbani hakuna anayeona kama umechoka. Sasa pacha anashika, mwenzake anazima simu.

Mfanyakazi mpya hatumwanzishii nyumbani, anakaa kwanza Njiro mpaka awajue watu kwa sura. Na barua zote tunazipitia Aprili, msimu wa masika, wageni wakiwa wachache. Aliyehama anaandikiwa mahali papya, aliyejifungua anapangiwa zamu upya, na kama laini yake ya umeme imebadilika anatafutiwa pacha mwingine.