Inchi nne za pindo

Saa 10:30 alfajiri naamka bila kengele. Kabla ya kuwasha taa nimeshaweka kiganja shingoni mwa binti yangu, kisha thamomita kwapani. 36.8. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Mbele kuna vifua na viuno vya watu wa Mbagala, nyuma kuna joto la mtoto. Hospitali tuliambiwa: ikifika 38 usimpe panado, usingoje kupambazuke, mlete. Panado hushusha joto ikaficha maambukizi, na mtoto wa saratani ya damu anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache.

Ana miaka sita. Tuko mwaka wa pili wa matibabu, awamu ya vidonge vya nyumbani: merkaptopurini kila usiku, methotreksati kila Ijumaa.

Saa 11 na nusu tunawahi daladala ya mwanzo, watu hawajaanza kubanana na kukoholeana. Barakoa yake imechorwa paka. Kaichora mwenyewe.

Saa 1:15 foleni ya damu. Zamani alikuwa anapiga kelele jengo zima. Siku hizi anakunja mkono wa gauni mwenyewe na kumwambia nesi, "Huu wa kushoto ndio unaotoa." Afadhali angelia.

Majibu yanatoka saa 4.

"Mama, chembe nyeupe zimeshuka. Tunasimamisha vidonge wiki moja."

"Umerudi?" Tukiwa na mtoto hatuutaji kwa jina.

"Hapana, hii ni kazi ya dawa yenyewe. Zikishuka sana tunampumzisha. Zikipanda sana napo tunajua dozi haimtoshi."

Kwa hiyo tunataka ile ya katikati, na katikati penyewe hapatulii. Zamani nilikuwa namng'ang'ania daktari anitajie namba. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya watoto wenye saratani zaidi ya 80 kati ya 100. Nchi nyingi maskini hawafiki 30. Nilikaa na namba hizo usiku kucha nikijaribu kumweka binti yangu upande mmojawapo. Nikaacha. Nina chembe za wiki hii, zinanitosha kunikosesha usingizi.

Saa 7 nipo kibandani. Bibi yake amemlaza nyumbani, mimi nakanyaga cherehani. Ni Novemba, oda za sare zimejaa mpaka chini ya meza. Anaingia mama mmoja mtu mzima na kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nina harusi, nije lini kuchukua?"

Mafundi nguo mnatujua: tukisema Jumamosi, ni Jumamosi ya mbinguni. Mimi siku hizi namwambia mteja ukweli. Nina mtoto mgonjwa, naweza kufunga kibanda saa yoyote, kwa hiyo sichukui advansi. Wengine wanakwenda kwa fundi wa jirani. Huyu kaacha kitenge.

Saa 10 baba wa binti yangu anapiga kutoka Tunduma, lori liko foleni ya mpakani. Namwambia habari za chembe. Kimya. Halafu, "Amekula?" Miezi mingi swali hilo lilinitia hasira, nikimwona mtu asiye na uchungu. Aliporudi safari moja nikashika simu yake nitafute namba ya fundi umeme, nikakuta kahifadhi kila picha ya sahani niliyowahi kumtumia. Ugali nusu. Ugali robo. Ndizi moja. Leo nampigia picha ya wali na dagaa, sahani imebaki miiba miwili.

Jioni naangalia simu. Mama Kigoma, tuliyelala naye chini ya vitanda vya watoto wodi moja, ujumbe wangu una tiki moja tangu Jumapili. Kwao umeme unasumbua, najiambia. Kupiga sipigi.

Saa 2 usiku, saa ya vidonge, anapanua mdomo kwa mazoea.

"Leo hakuna."

"Nimepona?"

"Daktari kasema upumzike."

Anafikiri kidogo. "Basi nipe soda." Hapati soda, anapata maji ya moto na hadithi ya sungura.

Saa 4, nyumba imelala, natandika kitambaa cha bluu sakafuni. Januari anaanza darasa la kwanza. Mama za watu wote wananiambia, "Fundi, acha pindo refu, mtoto anakua," nami naacha bila kuuliza. Kwa sketi hii nimeshika chaki usiku wa tatu sasa. Mwaka jana dawa za steroidi zilimvimbisha mashavu, kisha akanywea hadi gauni likawa linazunguka lenyewe. Niache pindo la mwaka gani?

Naweka futi. Nashuka inchi nne chini ya urefu wake wa leo, kama ninavyowafanyia watoto wengine, napiga mstari, nakata.

Saa 5 kasoro kumi. 36.9.