Usiku wa Mum kwenye tenti, Semuliki

Majirani wana harusi, wamefunga tenti pale uwanjani, na jana mvua ikaanza kupiga turubai na mimi nikashindwa kabisa kulala nikimwaza mum na ile safari yetu ya Uganda.

Safari ile ilikuwa ya kumpongeza kwa kustaafu. Dada ndiye aliyeipata hiyo kempu mtandaoni, tenti za kifahari kando ya mto unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori, bonde lote msitu, huko Semuliki upande wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, na chemchemi za maji moto za Sempaya ziko karibu. Tukapitia Busia, Kampala, Fort Portal, halafu zile kona za kushuka mlima ambazo mum alizipita akiimba nyimbo za kanisa polepole, tukafika jioni.

Ndani kulikuwa na kitanda kikubwa, neti nyeupe, bafu kwa nyuma, sakafu ya mbao. Dada akapiga makofi. Mum hakusema kitu. Alienda moja kwa moja kwenye ukuta wa turubai, akaweka kiganja, akausukuma kidogo, akauachilia. Akainama, na magoti yake yale, akavuta pembe ya chini aone imefungwa na nini. Akafungua zipu, akaifunga, akaifungua tena. Halafu akamuuliza kijana aliyetubebea mizigo, "Mvua ikinyesha usiku, maji yanapitia wapi?" Kijana akamweleza vizuri sana, sakafu imeinuliwa, kuna mtaro, na mum akatikisa kichwa vile mtu husikiliza kwa heshima tu.

Tulilala wote watatu mle. Usiku wa manane nikashtuka nikamwona ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa sweta na viatu, kamba zimefungwa, mkoba wenye kitambulisho chake uko mapajani. Nje mto unanguruma. Hapo ndipo nikakumbuka showground ya Eldoret. Mwaka wa 2008 sisi watoto tulipelekwa kwa shangazi, yeye akabaki pale kwenye tenti nyeupe na maelfu ya wengine waliotimuliwa makwao baada ya uchaguzi, na hajawahi kutusimulia hata usiku mmoja wa pale.

Nikakaa kando yake. "Mum, lala, mimi niko."

"Lala wewe, mwanangu. Kwa tenti lazima mtu mmoja akae macho."

Basi tukakaa macho wote wawili. Hatukuongea tena, alinishika tu mkono, na dada akawa anakoroma.

Asubuhi tukaenda Sempaya. Chemchemi ni mbili, wanaziita ya kike na ya kiume, ya kike inarusha maji juu yakichemka na ile ya kiume ni bwawa pana unalolifikia kwa njia ya mbao, na huwezi kuoga, maji hayo ni ya kuchemsha mtu. Ranja akatueleza kwamba Rwenzori si volkano, chemchemi hizo ni maji ya mvua yanayozama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yanapata moto huko chini kabisa halafu yanarudi juu. Mum akauliza maswali mengi kuliko watalii wote. Akaweka mayai yake kwenye maji, akangoja, akala mawili, akacheka mvuke ulipomfunika. Sijui kama aliwahi kufurahi hivyo mbele yangu.

Usiku wa pili akaomba kama kuna chumba cha ukuta, wakampa kimoja kule kwa wafanyakazi, akalala mpaka jua likawaka.

Wamama wa kanisa wakija nyumbani huwa anawasimulia Uganda yote, barabara, msitu, mayai yaliyoivishwa na ardhi. Kuhusu tenti hasemi kitu. Dada anasema tulikosea kumpeleka, mimi naona ule mkono alionishika usiku nisingeupata kwingine, na mum mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Kila nikitaka kumuuliza anaanza kunipakulia chakula.